Nguo za Siku Tatu

Kufuli la sanduku lilikuwa limevunjwa kwa shoka, lakini aliyelivunja alikuwa ameacha dhahabu.

Inspekta Efrazia alizitazama hereni mbili kwenye kiganja cha glavu yake, akazirudisha ndani ya kitambaa zilimofungwa. Alikuwa amechuchumaa chumbani kwa Bi Mboni, kijijini Gwata, mbele ya sanduku kubwa la mninga, akitoa kitu kimoja kimoja na kukitaja ili Koplo Godbless aandike. Kanga pea nane. Cheti cha ndoa. Picha ya marehemu mume. Redio mbovu. Miaka ishirini na miwili ya upelelezi ilikuwa imemkutanisha na wezi wajinga wa kila aina, lakini hata mwizi mjinga anaijua dhahabu.

"Mama yangu ametekwa, afande," alisema Hamza kutoka mlangoni. Ilikuwa mara ya nne kusema hivyo, na saa nne asubuhi ilikuwa haijagonga.

Ilikuwa vigumu kumsikiliza kwa utulivu mtu aliyevaa vile. Hamza, kifungua mimba wa Bi Mboni na ofisa ununuzi wa kampuni moja ya Kibaha mjini, alikuwa na kofia pana ya kitalii, kaptula yenye mifuko sita, na filimbi shingoni. Aliamka Ijumaa hiyo ya likizo ya Juni akijua kwamba kufikia alasiri familia nzima ingekuwa imepiga kambi kwenye msitu wa Kazimzumbwi, kule Kisarawe: ndugu watano, wake, waume, wajukuu kumi na mmoja, na bibi yao. Saa mbili na nusu alifika Gwata kumchukua mama yake. Alikuta mlango umerudishiwa tu, sanduku limevunjwa, simu iko juu ya kitanda na dawa za presha ziko dirishani. Mama hakuwepo.

Efrazia alizichukua zile dawa. "Anakunywa hizi kila siku?"

"Kila asubuhi. Daktari alisema asikose hata siku moja, na asipate mshtuko wowote."

Efrazia akazitia kwenye mkoba wake. Mama wa miaka sabini na moja yuko barabarani mahali fulani, hana dawa, hana simu, na jua ndiyo linapanda. Hilo lilimtia wasiwasi kuliko kufuli.

Aliinamisha uso ndani ya sanduku, akanusa. Harufu kali ya ubaridi ilimpanda puani. Aliletwa Pwani na kazi akiwa msichana, akitokea Bukoba, na harufu hiyo alijifunzia kwenye nyumba za watu wanaolia. Karafuu maiti.

"Godbless, njoo unuse hapa."

"Afande, mimi nina mafua."

"Ndiyo maana hupandi cheo." Alielekeza kidole chini kabisa ya sanduku. Kwenye gazeti lililotandikwa palikuwa na nafasi ya mstatili isiyo na vumbi, kama urefu wa mkono kwa kiganja kimoja na nusu. "Bwana Hamza, hapa palikaa nini?"

"Sijui. Mama hafungui sanduku hili mbele ya mtu. Ufunguo anauvaa shingoni."

Efrazia alichukua simu ya Bi Mboni, kitochi kidogo cheusi cha vitufe, akafungua orodha ya simu za jana. Saa kumi na mbili na nusu jioni Hamza alikuwa amempigia mama yake, wakaongea dakika mbili. Baada ya hapo Bi Mboni alikuwa amepiga mwenyewe. Jabiri, sekunde ishirini. Maua, sekunde kumi na nane. Abdulaziz, sekunde thelathini. Kisha Yasmin, Yasmin, Yasmin, mara kumi na nne, na zote hazikupokelewa.

"Hawa ni wadogo zako?"

"Wote. Yasmin ndiye wa mwisho, ameolewa Kibuta, huko huko Kisarawe."

"Mbona hapatikani?"

"Simu yake ilitumbukia kwenye ndoo ya maji juzi. Tunampata kwa ya mumewe jioni, akirudi kazini."

"Mama yenu anajua?"

Hamza alikuna shingo. "Sikuona haja. Si leo wangeonana?"

Efrazia alimpigia Jabiri, akaweka sauti kubwa. Jabiri alisema mama alimuuliza kama amekula, akasema amekula, mama akasema haya, akakata. Maua naye aliulizwa hivyo hivyo. Abdulaziz alikuwa na la ziada kidogo.

"Aliniambia niseme tena, eti hajanisikia vizuri. Nikasema tena nimekula, mama. Nikamsikia anahema tu. Afande, kuna nini?"

"Ndiyo ninachotafuta," alisema Efrazia, akakata simu.

Godbless aliita kutoka uani. Alikuwa amesimama karibu na shina la mwembe, ambapo shoka liliegemezwa vizuri kabisa, makali chini, namna anavyoegemeza mtu asiye na haraka ya kukimbia. Kutoka hapo alama za tairi la pikipiki zilikwenda mpaka kizingitini, zikageuka, zikatoka. Aliyepanda nyuma alikuwa amekanyaga udongo kwa kandambili ndogo ya mguu wa kushoto, mara moja, akapanda. Hapakuwa na dalili ya mtu kuburutwa.

"Shoka hili si la mama," alisema Hamza. Sauti yake ilibadilika. "Hili ni la Mashaka."

"Mashaka ni nani?"

"Jirani wa hapo nyuma. Tuna kesi naye ya mpaka, mikorosho minne. Miaka sita hajatusalimia wala hajakanyaga uwanja huu. Na ana pikipiki." Filimbi ilikuwa ikimrukaruka kifuani. "Nilijua. Wallahi nilijua."

Efrazia alimwambia akae nyuma yake na afunge mdomo. Hamza alifanikiwa katika la kwanza tu, nalo si kwa muda mrefu.

Mzee Mashaka walimkuta uani kwake akimenya muhogo, ingawa muhogo aliokuwa ameshamenya ungetosha kulisha mtaa. Pikipiki ilikuwa ukutani, na udongo wa magurudumu yake ulikuwa bado mbichi. Alipomwona Hamza alisimama, akavua kofia yake iliyoshonwa kwa mkono, akaishika kwa mikono miwili.

"Pole sana, mwanangu Hamza," alisema. "Poleni sana."

Hamza alimrukia shati. Godbless aliingia katikati akapokea kiwiko cha mbavu, na kwa muda kidogo uani palikuwa na fujo ya kofia mbili, moja ya kitalii na moja ya kiungwana, zikiviringika kwenye maganda ya muhogo. Efrazia hakutazama ugomvi. Alikuwa amesikia kitu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," alisema Mashaka akihema.

"Umesema pole. Pole ya nini? Hatujakwambia tumekuja kwa lipi."

Mzee aliokota kofia yake, akaipangusa. "Nimeapa sitasema."

"Umeapa kwa nani?"

"Kwa mwenye msiba."

"Nani amekufa?"

"Hilo si la kusema mimi, afande. Muulize huyu. Si kwake Visiga ndiko walikofunga mahema?"

Hamza aliachia shati alilokuwa bado amelishika. "Mahema?" alisema.

"Jana alasiri nimepita na mananasi yangu, nimeyaona kwa macho yangu juu ya michongoma. Meupe, makubwa. Viti vya plastiki vimepangwa. Akina mama wamejifunga kanga wanaingia getini. Unataka kuniambia sikuona?"

Efrazia alinyoosha mkono, Hamza akampa simu bila kuulizwa. Mkewe, Biasha, alipokea kwa mlio wa kwanza, akiuliza kama mama amepatikana.

"Bado, mama. Nieleze habari za mahema ya jana."

Biasha alisita, halafu akaeleza, na mwanzoni alikuwa na aibu kidogo. Hamza alikodi mahema matatu ya kitalii, yale makubwa ambayo mtu anasimama wima ndani na kutandika vitanda, akataka yasimamishwe kwanza nyumbani kuhakikisha hayavuji. Haikupita nusu saa jirani wa kwanza akaingia na kilio. Wa pili akaja na mkeka. Wa tatu alikuwa ameshaanza kuwasha moto wa kupikia watu. "Ilibidi nisimame getini kuwaambia hakuna msiba, ni matembezi. Wengine walikasirika kweli, afande. Wakaniambia mahema hayachezewi."

Godbless alianza kucheka, akaona uso wa mkuu wake, akaacha.

"Mzee Mashaka," alisema Efrazia, "ulipotoka huko ulifanya nini?"

"Nilifanya nini? Msiba ni msiba. Mikorosho ni mikorosho. Nilikuja nikaoga, nikavaa, magharibi nikaenda kumpa pole mama huyu." Aliigeuza ile kofia mikononi. "Nimeingia uani, nimevua kofia, namkuta anachambua mchele. Ananiuliza, Mashaka, kulikoni? Nikaona hajaambiwa. Sasa mimi ndiye wa kumwambia? Nikasema nimepita kukusalimu tu."

"Baada ya miaka sita."

"Baada ya miaka sita," alikubali mzee. "Alinitazama, afande. Alijua."

Efrazia alimgeukia Hamza, akafungua ukurasa mpya wa daftari. "Sasa wewe. Ulimpigia magharibi hiyo hiyo. Nataka maneno yako, moja baada ya jingine, usiongeze wala usipunguze."

"Nilimwambia mama jiandae, kesho asubuhi nakuja kukuchukua na gari. Chukua nguo za siku tatu. Watoto wako wote watakuwepo. Akaniuliza kuna nini. Nikamwambia usiniulize mengi, utaona ukifika." Akaiokota kofia yake ya kitalii. "Nilitaka iwe sapraizi."

Efrazia alikuwa ameandika yote. Sasa aliyasoma kwa sauti ya chini, neno kwa neno, akimtazama yeye. Nguo za siku tatu. Watoto wako wote watakuwepo. Usiniulize mengi. Pwani nzima hakuna mama mtu mzima anayeambiwa kifo kwenye simu. Huitwa, huambiwa kuna jambo dogo, hupelekewa gari, na hukaa matanga siku tatu. Kwa miezi miwili Hamza alikuwa amempangia mama yake mapumziko, na kila hatua ya mpango wake ilikuwa imesema mtoto wako mmoja amekufa.

"Akaanza kuwahesabu," alisema Efrazia. "Jabiri amekula. Maua amekula. Abdulaziz amekula. Wewe amekusikia. Amebaki mmoja."

Hamza alikaa chini, pale pale kwenye maganda ya muhogo.

Baada ya hapo Mashaka hakuhitaji kuulizwa sana. Bi Mboni alimwendea yeye mwenyewe alfajiri, adhana ikiwa haijaisha, akamwambia alete shoka kwa sababu mikono inamtetemeka na ufunguo unakataa kuingia. Alipovunja kufuli, mama yule alitoa kitu kimoja tu. Ilikuwa bafta nyeupe iliyofungwa na karafuu maiti, sanda aliyojinunulia mwenyewe mwaka aliofiwa na mumewe.

"Akasema hii nilijiwekea mimi, sasa itamtangulia Yasmin. Nikamwambia mama, nikupeleke Visiga, mahema yako Visiga. Akakataa. Akasema Visiga watanipa kiti nikae. Mimi nataka kumwosha mwanangu kwa mkono wangu kabla hawajamtoa Kibuta." Mzee alifuta uso kwa kofia. "Nikampeleka Mlandizi kwenye gari za kupitia Mzenga. Sikumwacha. Nilisimama naye mpaka gari likajaa, saa mbili. Akaniapisha nisimwambie mtoto wake yeyote, wasije wakamzuia."

Efrazia alifunga daftari. Hapakuwa na mhalifu, na alishukuru kwa hilo, lakini hakuwa na nafasi ya kushukuru sana. "Godbless, washa gari."

Hamza alinyanyuka, akafika kwenye mlango wa gari, kisha akarudi hatua tatu.

"Shikamoo, mzee Mashaka."

"Marahaba, baba. Nenda. Nenda upesi."

Walipita njia ya Mzenga, vumbi likiingia hata vioo vikiwa vimefungwa. Hamza alipiga simu ya shemeji yake mpaka akachoka. Kila mara aliambiwa haipatikani. Maneromango walisimama stendi, na utingo wa gari la asubuhi akamkumbuka Bi Mboni mara moja. Mama mtu mzima, kanga ya bluu, furushi jeupe mapajani. Alimpisha kiti cha mbele, mama akakataa chai aliyonunuliwa na abiria, akashuka na kupanda bodaboda ya kwenda Kibuta.

"Alikuwa analia?" aliuliza Efrazia.

"Hapana, afande. Tulimpa pole bila kujua ya nini."

Nyumba ya Yasmin ilikuwa peke yake nyuma ya shamba la mananasi, na walipoitazama kutoka barabarani waliona mlango una kufuli kwa nje. Bi Mboni alikuwa ameketi kizingitini. Mgongo wake ulikuwa umenyooka, furushi liko mapajani, na macho yalikuwa kwenye njia.

Hamza alishika kitasa cha mlango wa gari. Efrazia akamshika mkono.

"Jitazame kwenye kioo. Ukimtokea na uso huo, utamaliza kazi uliyoanza jana. Kaa."

Akashuka peke yake. Alitembea taratibu, akafika, akainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Naitwa Efrazia. Ni askari polisi, nimetoka..."

"Polisi." Bi Mboni alitikisa kichwa polepole. "Kwa hiyo ni ajali."

Efrazia alijilaani kimoyomoyo. Miaka ishirini na miwili, na bado mdomo unatangulia. Aliketi kizingitini bila kukaribishwa, bega kwa bega na mama yule, akaona kwamba vidole vilivyoshika furushi vilikuwa vimekufa ganzi kwa kukaza.

"Hakuna ajali, mama. Yasmin ni mzima. Watoto wako wote ni wazima. Hamza alitaka kuwatembeza tu."

"Ndivyo mnavyosema."

"Simu ya Yasmin iliingia maji. Ndiyo maana hakupokea."

"Ndivyo mnavyosema, mwanangu. Sikulaumu. Ni kazi yako." Alisema hivyo kwa upole, kama anayemtuliza mgeni. "Nimeshuka kule barabarani, nimepita nyumba tatu. Nimesalimia, wameitikia. Sikuuliza. Nikiuliza nitajibiwa."

Efrazia alitoa dawa na chupa ya maji. Bi Mboni alizitazama. "Nitakunywa nikimwona," alisema.

Hapo lilimjia Efrazia jambo ambalo lingepaswa kumjia mapema. Yeye mwenyewe hakuwa amemwona Yasmin. Alikuwa ameambiwa na Hamza, na Hamza alikuwa ameambiwa juzi kwa simu ya mtu mwingine. Nyumba ilikuwa imefungwa. Alikuwa amempa mama mtu mzima neno la polisi juu ya uhai wa mtu ambao hajauthibitisha, na kama angekosea, hakuna kanuni ya kazi ambayo ingemsaidia. Mara ngapi alikuwa amekaa kwenye vizingiti vya namna hii kuleta habari ya kinyume? Aliomba, kwa Kihaya, maneno machache ambayo marehemu mama yake alikuwa akiyasema jikoni, na hakuona aibu.

Walikaa hivyo karibu nusu saa. Godbless, ambaye hakuwa na kazi, alizunguka nyumba, akarudi akasema nyuma kuna nguo zimeanikwa na bado ni mbichi. Efrazia alimpenda Godbless kwa dakika hiyo kuliko siku zote.

"Umesikia, mama? Nguo mbichi."

"Jirani anaweza kufua za marehemu," alisema Bi Mboni.

Kwanza ilisikika bajaji, ikilalamika kwenye mchanga. Kisha ikaonekana, na ilikuwa imejaa kupita kiasi. Gunia la mkaa liko juu, sufuria mbili zimefungwa kwa kamba, majamvi yametokeza pembeni, na katikati ya mzigo huo mwanamke mwembamba alikuwa amekumbatia tenga la nyanya na kumwelekeza dereva kwa kidevu. Bajaji ilisimama. Mwanamke alishusha mguu mmoja, akaona watu kizingitini.

"Mama! Umefikaje huku? Si Hamza alisema anakupeleka msituni alasiri?"

Bi Mboni hakunyanyuka. "Njoo hapa," alisema. "Njoo karibu. Ondoa mtandio."

Yasmin aliweka tenga chini, akaja, akaondoa mtandio, akapiga magoti kwa kuwa hakuelewa afanye nini kingine. Mama yake aliachia furushi. Alimshika masikio, akamshika mabega, akamfunua viganja na kuvigeuza huku na huku. Halafu akampiga kofi, kofi la kweli, lililomfanya dereva wa bajaji azime injini.

"Simu yako iko wapi?"

"Imeingia maji, mama."

"Imeingia maji," alirudia Bi Mboni, na hapo ndipo alipolia. Alimvuta mwanawe kifuani akalia kwa sauti, akimshukuru Mungu, akimwita Yasmin mwanangu, Yasmin mwanangu. Yasmin naye akalia bila kujua analia nini. Efrazia aliinuka akaenda kusimama kwenye mananasi, na machozi yalimtoka. Katika kazi hii watu anaowatafuta huwapata mara nyingi, lakini si mara nyingi huwapata wazima, na siku hiyo alikuwa amepata wawili.

Bi Mboni alikunywa dawa zake. Jambo la kwanza aliloomba baada ya hapo lilikuwa simu. Efrazia alimtafutia namba ya Mashaka.

"Mashaka? Mwanangu mzima. Nimemshika." Alisikiliza. "Ahsante. Hapana, sikiliza, nakwambia ahsante. Ungenikatalia leo ningekwenda kwa miguu." Alisikiliza tena kwa muda mrefu, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeonekana. "Haya, njoo nikirudi. Utanikuta."

Hapo Hamza alikuwa ameshashuka garini. Alikuwa amevua kofia na filimbi, na alikuwa amesimama hatua chache kutoka kizingitini akisubiri kuitwa. Mama yake alimtazama kutoka kichwani hadi kwenye ile kaptula.

"Mama, nisamehe. Lakini mbona hukuniuliza?"

"Nilikuuliza, Hamza. Nilikuuliza kuna nini. Ukasema usiniulize mengi, utaona ukifika." Hakuwa na hasira, alikuwa anaeleza tu. "Siku baba yako alipokufa hospitali ulinipigia wewe. Maneno uliyoniambia yalikuwa hayo hayo."

Hamza alifunika uso. Ilikuwa kweli, na alikuwa hakumbuki mpaka hapo. Alikuwa amejifunza namna moja tu ya kumwita mama yake, akaitumia kwa kilio, akaitumia na kwa furaha. Yasmin alimshika mkono kaka yake akamkalisha kwenye jamvi mojawapo la safari.

Efrazia alikuwa na jalada la kufunga na safari ndefu ya kurudi, lakini alipewa nanasi lililomenywa, na hakuwa mtu wa kukataa. Aliwapigia Jabiri, Maua na Abdulaziz mmoja mmoja, akawaambia wazi, kwa sentensi fupi, kwamba mama amepatikana, ni mzima, Yasmin ni mzima, hakuna aliyekufa. Maua alipiga vigelegele simuni. Biasha alipopigiwa alisema mahema yameshapakiwa, gari lipo tayari, ila kama mama hataki tena watayarudisha, hakuna neno.

Hamza alimtazama mama yake. "Unasikia, mama? Ukisema twende nyumbani, tunakwenda nyumbani."

Bi Mboni alikuwa bado amemshika Yasmin kifundo cha mkono.

"Niite tena," alisema.

"Mama?"

"Niite vizuri. Niambie tunakwenda wapi, na nani, kufanya nini."

Hamza alijiweka sawa kwenye jamvi. "Mama, nimekuja kukuchukua. Tunakwenda Kazimzumbwi, msituni, hapo tu karibu. Sisi wote watano, na wajukuu wako. Tutapika, tutakula, watoto watacheza. Tutalala kwenye mahema mpaka Jumapili. Hakuna aliyekufa, hakuna anayeumwa. Tumekukumbuka, basi."

"Endelea."

"Mahema yana vitanda na vyandarua. Kuna choo. Wewe nimekupa hema lako peke yako, kubwa kuliko yote, usisumbuliwe na mtu."

Bi Mboni alitikisa kichwa. "Hilo wape watoto," alisema. "Mimi nitalala na Yasmin."